SOMO LA KIKUNDI: Kuhamisha Korosho Bila Kuigusa

Somo la safari hii ni la mikono. Halihitaji ubao wala chaki, na asiyejua kusoma atalifanya sawasawa na aliyesoma. Pengine atamshinda. Linahitaji makarai mawili, takataka safi, saa yenye kuhesabu sekunde (ya simu inatosha), na watoto. Ndiyo, watoto. Mtaona kwa nini.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna vitu vidogo ndani ya karai moja, na vinatakiwa vifike kwenye karai la pili lililo mbali kidogo. Hakuna ruhusa ya kuvigusa kwa mkono, wala kuvuka mstari uliochorwa chini. Basi, ni hilo tu.

Najua wengine watasema huo ni mchezo wa shule. Ni kweli, zoezi la namna hii hutoka shuleni. Walimu wa sayansi na ufundi katika nchi nyingi huwapa wanafunzi ili waonje kazi ya injinia: kufikiri, kuchora, kutengeneza, kujaribu, kuharibikiwa, kurekebisha, kujaribu tena. Na hapa Kenya, tangu mtaala wa umilisi ulipoanza katika madarasa ya chini Januari 2019, na sekondari ya msingi ikaanza mwaka 2023 pamoja na masomo ya mwanzo ya ufundi, wazazi wameshazoea mtoto kurudi jioni na kusema, "Mama, kesho mwalimu anataka kitu nilichotengeneza." Mara nyingi anayekitengeneza ni mama mwenyewe, usiku, kwa hasira. Tumeona magari ya maboksi yaliyokatwa vizuri mno, hata mwalimu alijua kabisa fundi ni nani.

Lakini sisi hatukulileta zoezi hili kikundini kwa ajili ya shule. Tulilileta kwa ajili ya korosho.

MIKONO YA AKINA MAMA

Mkanju si mti wa asili yetu. Uliletwa na Wareno kutoka Brazil katika karne ya 16, ukaipenda ardhi ya mchanga ya pwani, ukakaa. Kilifi ilipata kiwanda cha korosho katika miaka ya 1970, na wazee wengi wanakumbuka jinsi kilivyowapa watu kazi, na jinsi kilivyokuja kuanguka mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku kuuza nje korosho ghafi, ili zibanguliwe humu nchini. Lakini kiwanda kije kisije, katika vijiji vyetu korosho nyingi bado zinakaangwa uani, na mkaangaji ni mama.

Anayejua kazi hii hahitaji kuelezwa, ila tuieleze kwa ajili ya wengine. Ganda la korosho lina mafuta makali. Yakigusa ngozi, ngozi hubabuka na kuacha alama nyeusi. Ndiyo maana wabanguaji hujipaka majivu mikononi. Korosho zinapokaangwa juu ya moto, mafuta hayo hutoka, hushika moto, na moshi wake huwasha macho na koo. Halafu inafika ile dakika mbaya kuliko zote: korosho zinawaka, na ni lazima zimwagwe haraka juu ya mchanga au majivu ili moto uzime na mafuta yanywewe. Mama anainua karai lenye moto kwa vitambaa viwili, anageuza uso pembeni, anamwaga. Makovu tunayoyaona mikononi na miguuni, mengi ni ya dakika hiyo moja. Na binti wa miaka kumi na miwili anayemsaidia mama yake amesimama papo hapo.

Sasa, kikundi kimoja tunachokitembelea (hatukitaji, maana mambo ya fedha zao ni yao) kilijiwa na mfanyabiashara mwenye mashine ya kubangua korosho. Mashine nzuri, inang'aa. Bei yake ilikuwa karibu sawa na akiba ya kikundi ya miaka miwili na zaidi, ile ya kuweka kidogo kidogo kila wiki. Wanakikundi waligawanyika. Nusu walitaka inunuliwe kabla ya msimu. Nusu waliogopa, lakini hawakuweza kusema wanaogopa nini. Mweka hazina alikuwa halali. Wakatuuliza, "Nyinyi mliosoma mwatwambiaje?"

Hatukusema nunueni, wala hatukusema msinunue. Tuliomba siku moja, Jumamosi, waje na watoto wao, na kila mmoja aje na takataka safi. Mzee mmoja alicheka sana. Akasema ameishi miaka sabini bila kujua kwamba maendeleo yanaletwa na vizibo vya soda. Hata hivyo Jumamosi alikuwa wa kwanza kufika.

DUKA LA VISODA

Tuligawa watu katika makundi manne ya watu sita, na kila kundi lilikuwa na watoto, akina mama na angalau mzee mmoja. Tulichora mistari miwili mchangani, umbali wa mita mbili kati yake. Karai lililojaa nyuma ya mstari wa kwanza, karai tupu nyuma ya mstari wa pili. Watu wawili wa kila kundi wangeweza kusimama upande wa pili, lakini hakuna aliyeruhusiwa kuingia katikati. Muda wa jaribio ni dakika tatu. Kinachoanguka njiani hakihesabiwi.

Vitu vya kwanza vilikuwa komwe 40, zile zile za kuchezea bao. Tulichagua komwe kwa sababu ni safi na hazina hatari kwa mtoto.

Vifaa havikuwa vya bure. Tulifungua duka, na fedha yake ilikuwa visoda. Kila kundi lilipewa visoda 20. Chupa ya plastiki ilikuwa visoda 3, pima moja ya kamba ya katani kisoda 1, fungu la njukuti kisoda 1, kifuu 2, mti mrefu 4, kandambili kuukuu 2, kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli 3. Mifuko ya plastiki haikuwepo, maana ilipigwa marufuku mwaka 2017 na hatukutaka kuonekana tunafundisha kuvunja sheria. Muuza duka alikuwa mtoto wa Gredi ya 6, na hakukopesha mtu hata nyanyake.

Duka hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Mtu mwenye vifaa vya bure huanza kufunga kamba kabla ya kufikiri. Mtu mwenye visoda 20 hukaa kwanza. Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka yule mtu wa mnara katika Injili ya Luka sura ya 14, anayekaa chini kupiga hesabu kabla ya kuanza kujenga. Dakika kumi na tano za mwanzo hakuna aliyeruhusiwa kununua kitu. Ni kuzungumza na kuchora mchangani tu. Ndizo dakika zilizokuwa ngumu kwa wanaume.

RAUNDI YA KWANZA: KOMWE

Kundi la kwanza lilitengeneza mlizamu. Walikata chupa kwa urefu, wakaunganisha nusu kwa nusu mpaka zikafika ng'ambo, wakainua upande mmoja. Mwanzoni komwe zilikuwa zikigonga kwenye kila kiungo na kuruka nje. Yule mzee aliyecheka, ambaye kazi yake ya ujanani ilikuwa kuezeka, alisema neno moja tu: "Kuti." Wote wakaelewa. Katika paa, kuti la juu hulalia la chini, na maji hayapati pa kukwama. Waligeuza viungo vyote vikawa hivyo, na komwe zikashuka kama maji ya mvua.

Kundi la pili lilitundika kamba ya mzunguko juu ya makapi mawili yaliyokatwa kutoka kandambili, wakaning'iniza kifuu. Ukivuta kamba, kifuu kinakwenda. Shida yao ilikuwa kukimwaga kikifika. Msichana mmoja alifunga uzi wa pili kwenye kitako cha kifuu. Kikifika juu ya karai, mtu wa ng'ambo anavuta uzi huo, kifuu kinapinduka.

Kundi la tatu lilikuwa na wavulana wengi, kwa hiyo lilitengeneza kitu cha kurusha. Ubao, egemeo, mpira wa baiskeli. Kuku wa jirani walikimbia.

Kundi la nne lilichukua mti mrefu, wakafunga kifuu mwishoni kama upawa, wakauweka juu ya panda ya mti iliyochimbiwa ardhini. Mti ule ulizunguka na kuinama kama kreni za bandari ya Kilindini.

Baada ya dakika tatu tulihesabu mbele ya watu wote. Mlizamu ulifikisha komwe 37. Kreni ilifikisha 28, kapi 24 bila kuangusha hata moja, na warushaji 11. Mlizamu ulishangiliwa. Mama mmoja aliuliza, "Sasa si tumepata mshindi? Twende tukale."

RAUNDI YA PILI: KOROSHO

Hatukwenda kula. Tuliondoa komwe, tukaweka korosho 40 za maganda, kavu na nzima. Kwa kuwa hata korosho nzima haifai kushikwashikwa na mtoto, wakati huu mikono ya kazi ilikuwa ya watu wazima, na watoto wakawa washauri. (Hilo peke yake ni somo: mtoto amesimama, mikono nyuma, anamwambia shangazi yake afanye nini, na shangazi anasikiliza.)

Mlizamu ulifikisha korosho 5. Nyingine zililala ndani ya chupa kama watu waliochoka.

Kulikuwa na kimya. Kisha kila mtu akasema kwa wakati mmoja. Komwe ni mviringo, inabingirika. Korosho imepinda kama figo, haibingiriki, inateleza tu, na kitu cha kuteleza kinahitaji mteremko mkali zaidi. Kwa komwe walikuwa wameinua mlizamu wao wa mita mbili kwa sentimita 20 tu upande wa juu, na ikatosha. Kwa korosho waliinua sentimita 40, hakuna kitu. Sentimita 60, zikashuka chache. Walipofika karibu sentimita 90, na baada ya mtoto kupendekeza wapake nta ya mshumaa ndani ya chupa, korosho zilishuka. Lakini sasa zilishuka kwa nguvu, zikagonga karai na kuruka nje. Wakaweka mchanga ndani ya karai. Zikatulia.

Tazameni hapo. Tatizo moja lilitatuliwa, likazaa dogo lake, nalo likatatuliwa, likazaa jingine. Hakuna aliyeandika hayo kwenye karatasi kabla. Yalionekana kwa kujaribu tu, na kwa kujaribu na kitu chenyewe, si na ndugu yake. Laiti tungemaliza na komwe tukaenda kula, tungerudi nyumbani na mlizamu mzuri usiofaa kazi.

Kapi nalo halikujali kama ni komwe au korosho. Lilifikisha 21. Linakwenda polepole, lakini linabeba chochote unachokiweka ndani ya kifuu. Hapo ndipo ubishi wa kweli ulipoanza: nani mshindi? Mwenye haraka au asiyeangusha? Mama mmoja mfugaji alisema kama ni mayai, yeye anachukua kapi. Mwingine akasema kama ni mahindi yaliyoanikwa na mvua inakuja, achukue mlizamu, hata zikianguka ishirini juu ya turubai ataziokota. Na huyo alijua anachosema. Mahindi yanayorudi kwenye unyevu au kulala juu ya udongo hushika kuvu, na wengi wetu tunakumbuka mwaka 2004 huko Ukambani, ambapo mahindi yenye sumu ya kuvu yaliwafanya watu 317 kuwa wagonjwa na 125 kati yao wakafariki. Kuhamisha punje haraka kutoka uani hadi ghalani si mchezo.

Kwa hiyo hakuna chombo bora hivi hivi tu. Kuna chombo bora kwa kazi fulani. Tuliwaacha wabishane karibu nusu saa, na hatujuti.

NENO KIDOGO JUU YA ULE MTI MREFU

Kundi la nne liliuliza kwa nini mti wao ulikuwa mzito mkononi ingawa kifuu kilikuwa na korosho chache. Hili linafaa kueleweka vizuri, kwa sababu ndilo lililokuja kusaidia jikoni.

Mti juu ya egemeo ni wenzo. Kama upande wa mzigo ni mita 1.5 kutoka kwenye egemeo, na upande wa mkono wako ni nusu mita, basi mzigo uko mbali mara tatu kuliko wewe, na mkono wako utasukuma mara tatu ya uzito wa mzigo. Gramu 100 za korosho zitakuwa gramu 300 mkononi, ukiacha uzito wa mti wenyewe. Faida unayoipata ni umbali: unasogeza mkono kidogo, kifuu kinakwenda mbali. Ukitaka wepesi, geuza: mzigo uwe karibu na egemeo, mkono uwe mbali. Utasukuma kidogo, ila mkono utasafiri sana. Huwezi kupata vyote viwili kwa pamoja. Mtaimbo wa wachimba mawe wa matumbawe hufanya kazi hivyo hivyo, na wao hawakufundishwa darasani. Wapeni watoto ubao na jiwe wajaribu wenyewe kwa kusogeza egemeo. Dakika tano zinatosha, na hawatasahau.

KUTOKA UWANJANI HADI UANI

Wiki iliyofuata akina mama wale walifanya jambo ambalo hawakuwahi kulifanya. Waliketi na saa wakati wa kukaanga. Mmoja alikaanga na kubangua, wa pili alitazama saa, wa tatu alihesabu kila mara mtu alipoinama, alipoinua, alipoungua. Hawakuhitaji mtaalamu kutoka Nairobi.

Walichokiona kilibadilisha mazungumzo yote. Kubangua kwa kijiti, ile kazi ambayo mashine ingeifanya, kulichukua muda mwingi kweli. Lakini haikuwa kazi iliyounguza. Waliungua wakati wa kumwaga. Na mashine ya yule mfanyabiashara haikugusa kumwaga hata kidogo. Wangetoa akiba yote, na bado binti angesimama karibu na karai linalowaka.

Basi wale waliotaka mashine walikuwa wakizungumzia muda, na wale waliokataa walikuwa wakizungumzia maumivu, na kwa miezi mizima kila upande ulidhani mwingine hana akili.

Walianza na maumivu. Kwanza walitengeneza mfano mdogo wa kifuu na njukuti, juu ya meza: karai lenye masikio mawili, masikio yamelala juu ya nguzo mbili, na mpini mrefu. Ukiinua mpini, karai linainama mbele na kumwaga, na wewe uko mbali. Ni ule ule mti wa kundi la nne, ila mzigo umekaa karibu sana na egemeo. Halafu chini yake kuna mlizamu unaopeleka korosho kwenye shimo la mchanga.

Mfano ulifanya kazi. Wakaenda kwa fundi wa jua kali pale Majengo, akachomelea masikio kwenye karai kuukuu lenye matundu na kuweka mpini wa bomba wa mita moja na nusu. Mlizamu ukawa wa kipande cha bati, si plastiki, kwa sababu ya moto. Nguzo za kwanza zilikuwa za mti, zikaungua jaribio la pili. Mtu akasema tujenge kwa mawe ya matumbawe, maana ni rahisi kupatikana. Wazee wakakataa: matumbawe ukiyachoma sana yanakuwa chokaa, ndivyo watu wa pwani walivyopata chokaa ya nyumba zao tangu zamani. Mwishowe wakaweka nguzo za chuma kuukuu. Gharama yote ilikuwa ndogo kiasi kwamba ilitoka kwenye michango ya wiki chache, bila kugusa akiba.

Kuna jambo moja zaidi la kujifunza hapo. Korosho huvunwa wakati wa kaskazi. Upepo unajulikana unatoka wapi. Mpini uliwekwa upande wa kaskazi mashariki, ili mkaangaji awe na upepo mgongoni na moshi uende zake. Kusi likianza itabidi wageuze kila kitu, lakini wakati huo korosho zimekwisha.

Moshi wenyewe bado haujatatuliwa. Unampunguzia mkaangaji, lakini unakwenda kwa jirani, na jirani ameshalalamika. Hata ile mashine, ubishi haujaisha. Wameahirisha uamuzi hadi mwisho wa msimu, na safari hii wakikutana na muuzaji watamwomba aje na mashine yake abangue debe moja la korosho zao wenyewe mbele yao, akina mama wakiizungusha kwa mikono yao, si yeye.

PAMPU YA WATOTO

Msidhani ni watu wa vijijini tu wanaohitaji somo hili. Afrika Kusini kulibuniwa pampu ya maji iliyounganishwa na bembea ya kuzunguka ya watoto, ikaitwa PlayPump. Watoto wanacheza, maji yanapanda kwenye tangi. Wazo lilipendwa sana. Mwaka 2006 huko Marekani ilitangazwa ahadi ya dola milioni 16.4, na lengo lilikuwa kuweka pampu 4,000 Afrika kufikia mwaka 2010. Zilipowekwa vijijini, watoto walichoka, au walikuwa shuleni, na waliobaki wakizungusha bembea ni akina mama, peke yao. Mahali pengine pampu ya zamani ya mkono ilikuwa imeng'olewa ili kupisha hii. Gazeti la Guardian la Uingereza lilipiga hesabu mwaka 2009: ili kutimiza maji yaliyoahidiwa, watoto wangehitaji kucheza saa 27 kila siku. Kufikia mwaka 2010 shirika lililozisambaza lilikuwa limeacha kazi hiyo.

Watu wale hawakuwa wabaya, wala hawakukosa elimu. Walijaribu na komwe, kama tungesema sisi. Bembea ilijaribiwa na watoto wenye furaha, siku yenye wageni. Haikujaribiwa vya kutosha na mama mmoja, saa kumi na moja alfajiri, mwenye ndoo tatu za kujaza.

Linganisheni na pampu ya kukanyaga kwa miguu ya MoneyMaker, ambayo baadhi yenu mmeiona kwenye mashamba ya mboga. Ilitokana na shirika la ApproTEC lililoanzishwa Nairobi mwaka 1991, ambalo baadaye liliitwa KickStart. Waliokuwa wakiibuni walijiuliza maswali ya uani kabisa: je, mkulima ataibeba mwenyewe jioni isiibwe? Akiwa hana viatu ataikanyaga? Ikiharibika ataifungua bila spana?

MKITAKA KULIFANYA WENYEWE

Msilifanye kwa chini ya saa tatu. Likiharakishwa linabaki mchezo. Visoda, chupa na vifuu anzeni kukusanya wiki mbili kabla, na mtu mmoja awe na dhamana, ama sivyo kila mtu atadhani mwingine analeta.

Anayeongoza asitoe jibu. Hili ni gumu kwetu sote tuliozoea kufundisha. Wale waliopitia mafunzo ya DELTA, yaliyoanza hapa Kenya katika miaka ya 1970 chini ya Anne Hope na Sally Timmel, watakumbuka kwamba kazi ya mwongozaji ni kuuliza. Kundi likikwama, ulizeni: "Imekwama wapi hasa? Nionyesheni kwa kidole." Mara nyingi hilo linatosha. Mwanamume akishika vifaa vyote na akina mama wakabaki kutazama, wekeni sheria ya kupokezana kila dakika tano. Tumeilazimisha mara kadhaa, na haijawahi kupendwa mwanzoni.

Raundi ya pili na kitu chenyewe msiiache kamwe. Kama kikundi chenu ni cha miche, iwe miche. Kama ni mchanga wa ujenzi, uwe mchanga. Kama ni mayai, basi mayai, ila yachemsheni kwanza. Watoto wasikaribie moto wala korosho zilizopasuka ganda, hata wakiomba.

Hesabu ifanyike mbele ya wote, kwa sauti, na iandikwe mambo matatu: ngapi zimefika, ngapi zimeanguka, visoda vingapi vimetumika. Tumeona kundi lililotumia visoda 9 likikaribia lile lililotumia 20, na hapo mweka hazina huwa ndiye anayesimama kuzungumza.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

Katika kazi yenu, ni kitu gani mnachokihamisha mara nyingi kuliko vyote kwa siku? Kinatoka wapi, kinakwenda wapi, hatua ngapi?

Nani anakihamisha? Kama ni mtoto, angekuwa wapi saa hizo?

Katika safari hiyo, ni dakika gani inayoumiza au kupoteza mali? Msijibu kwa kukisia. Mtu mmoja akae na saa asubuhi nzima, kisha mjadili.

Je, kuna kifaa kikundi chenu kilinunua na sasa kimelala kwenye kona ya ghala? Kitoeni nje mkutano ujao. Aliyekitumia mara ya mwisho aeleze, bila kulaumiwa, kilimshinda wapi.

Na yule mfanyabiashara akija kwenu kesho na mashine yake, mtampa nini ajaribu nacho, na nani wenu ataishika?